Python na upana wa herufi

Kabla ya toleo la 3.3 la Python, lililotoka Septemba 2012, swali la kawaida kama "maandishi haya yana herufi ngapi?" lilikuwa na majibu mawili. Emoji moja ilihesabiwa moja kwenye Linux nyingi, lakini kwenye Windows ikawa mbili. Python ilikuwa ikiundwa kwa namna mbili: moja iliipa kila herufi baiti nne, nyingine baiti mbili tu, na herufi yenye nambari ya Unikodi iliyozidi 65,535 ikagawanywa vipande viwili.

Pendekezo nambari 393 la kuiboresha Python, lililoandikwa na Martin von Löwis, lilimaliza utata huo. Sasa Python hutafuta kwanza herufi yenye nambari kubwa kuliko zote, ndipo hutenga nafasi. Isipozidi 255, kila herufi hupewa baiti moja. Isipozidi 65,535, baiti mbili. Ikizidi hapo, nne. Kwa kuwa upana ni sawa kote, kuifikia herufi ya laki tano ni suala la kuzidisha tu. Go na Rust, zinazohifadhi maandishi kwa UTF-8, ambamo upana wa herufi hutofautiana, huhesabu kuanzia mwanzo. Na kwa kuwa maandishi ya Python hayabadiliki yakishaundwa, hakuna herufi pana itakayopenyezwa baadaye ikavuruga vipimo. Huo ni usanifu wa hali ya juu.

Gharama yake huonekana wazi katika Kiswahili. Kitabu cha herufi milioni moja kwa alfabeti yetu huchukua takriban baiti milioni moja. Lakini programu za uandishi hupenda kuigeuza ritifaa ya "ng'ombe", nambari 39, kuwa ile iliyopinda, nambari 8217. Ikiingia moja tu, kitabu kizima huwa baiti milioni mbili. Emoji moja: milioni nne.

Kumbukumbu hata hivyo ndiyo hasara ndogo. Kwa Python, ritifaa hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Anayetafuta "ng'ombe" hampati "ng’ombe". Usawazishaji rasmi wa Unikodi, uwe NFC au NFKC, hauziunganishi. Mtengenezaji wa kamusi au kikagua tahajia hana budi kuigeuza 8217 kuwa 39 yeye mwenyewe. Aifanye kazi hiyo kwenye nakala ya kutafutia pekee, maana alama hiyo hiyo iliyopinda ndiyo pia hufunga nukuu, na mchapishaji ataihitaji.