Mikono Mapajani

Mhudumu hodari wa wagonjwa nyumbani utamjua kwa mikono yake: huiweka mapajani. Mashine ya presha iko mezani, na bibi mwenye presha na sukari ndiye anayejifunga mkanda. Akiukosea, hapokonywi. Huulizwa tu, "Bibi, hebu tazama, mpira umeelekea wapi?" Mhudumu angeufunga kwa nusu dakika, lakini kesho alfajiri bibi atakuwa peke yake.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za presha na sukari. Ni neema kubwa. Ila mashine hutoa namba tu, na kumfanya mtu aiamini namba hiyo na ajue la kufanya nayo ni kazi ya binadamu.

Kazi huanza mashine haijawashwa. Umekwenda msalani? Umekunywa kahawa katika nusu saa hii? Basi keti, egemeza mgongo, nyayo zote chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi. Kisha kimya cha dakika tano. Hapa ndipo ninapomvulia mhudumu kofia, maana katika nyumba za pwani mgeni hawezi kuachwa bila kuzungumzishwa, na mazungumzo hupandisha presha. Yeye hutulia kwa adabu mpaka bibi naye atulie. Hupima mara mbili, wakipumzika dakika moja katikati, na bibi huandika namba zote daftarini. Vipimo vya nyumbani vikizoea kufika 135 kwa 85, daftari linakwenda kliniki.

Kwenye sukari, somo la kwanza ni sabuni. Aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa, mashine itamsomea sukari ya embe. Kidole hutobolewa ubavuni mwa ncha, ambako maumivu ni machache, na vidole hupokezana zamu. Kopo la vijiti vya kupimia hufungwa papo hapo, kwani unyevu huviharibu.

Somo gumu kuliko yote ni sukari inaposhuka. Mgonjwa aliyeambiwa miaka mingi kwamba sukari ni adui huogopa kuilamba hata anapotetemeka na kutoka jasho. Kwa hiyo mhudumu humwita mjukuu, wakaigiza. "Mashine imesoma chini ya 4. Fanya." Mtoto hukoroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, bibi hunywa, wanangoja dakika 15, wanapima tena. Halafu huja swali ambalo mhudumu huliuliza kila ziara, hata kama juzi lilijibiwa sawasawa: na bibi akiwa hajitambui? Mtoto hujibu kwamba hamtii kitu mdomoni, anamlaza ubavu, anapiga kelele kwa jirani mwenye gari.