Anza na Fensi

Ramani ya nyumba yetu mpya ni poa. Nasema hivyo mapema Mzee asidhani namwonea. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa kwa kuni. Paa linateka maji ya mvua, na umeme ni wa sola. Itachukua nafasi ya nyumba ya mabati tuliyokulia, ile inayotukaanga mchana na kutugandisha usiku. Nilisomea usanifu majengo miaka miwili kabla karo haijaisha, kwa hivyo familia imenipa kazi ya kuikosoa. Haya basi.

Shida haiko kwenye nyumba. Iko pembeni ya karatasi, kwa ule mstari mwembamba unaozunguka ekari zetu 5: fensi ya seng'enge. Mchoraji hakuuandikia hata maelezo.

Shamba liko kati ya Kitengela na Isinya, kwenye uwanda wa Athi-Kapiti. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini uliachwa wazi. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kuja kulisha huku; kiangazi kikikaza, hurudi mbugani kwenye maji. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa 1988, ploti zilianza kuuzwa, na fensi zikafuata. Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua. Ziweke hizo dola 4 kando ya bei ya ploti Kitengela, utaelewa mbona fensi zinazidi.

Sasa tazama boma la Wamasai. Nyumba, enkaji, hujengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Sitaisifu kupita kiasi: ndani kuna moshi, na mvua ikiharibu paa, ni mama anayepanda kulikandika. Lakini ua wake wa miiba huzunguka watu na mifugo, basi. Malisho hubaki wazi. Aliyelijenga alijua kipi kifungwe na kipi kiachwe. Ramani yetu haijajiuliza swali hilo. Imehesabu kila tone la maji na kila miale ya jua, kisha ikamfungia nyumbu njia.

Mzee ana jibu lake. Mwaka juzi simba alituulia mbuzi 6 usiku mmoja. "Wewe unalinda nyumbu," akaniambia, "mimi nalinda karo ya mdogo wako."

Hapo nilinyamaza. Mimi ndiye yule ambaye karo yake iliisha.

Bado nasema mstari ule uondoke. Pesa za seng'enge zijenge boma imara la usiku karibu na nyumba, tena liwekwe taa za kumwekamweka, zile ambazo Richard Turere alizibuni huku huku Kitengela akiwa bado mtoto, kuwafukuza simba waliokuwa wakila ng'ombe wa kwao. Mbuzi walale ndani, nyasi zibaki nje.

Mzee hajaufuta mstari. Lakini jana jioni, tukinywa chai, ameniuliza hizo taa ni pesa ngapi.