Ken Doherty: kutoka ridhaa hadi kumng'oa Hendry

Mei 1997, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Stephen Hendry wa Scotland alipiga breki tano (mifululizo ya kutumbukiza mipira bila kukosa) za pointi mia na zaidi katika fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka. Ken Doherty wa Ireland hakupiga hata moja. Matokeo kwa fremu, yaani michezo midogo inayohesabiwa kuamua mechi, yalikuwa Doherty 18, Hendry 12.

Ukipewa takwimu hizo bila majina utadhani aliyeziandika amewachanganya mshindi na mshindwa. Hakukosea. Na kwa maoni yangu, anayetaka kujua bingwa wa ridhaa anavyogeuka kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa aanzie hapohapo, kwenye hizo breki tano zilizoambulia fremu tano tu.

Doherty alizaliwa 1969 na kukulia Ranelagh, mtaa wa Dublin. Alianza kucheza katika ukumbi wa mtaani uliojulikana kwa jina la Jason's, akiwa mdogo kiasi cha kupanda juu ya bati la biskuti ili aifikie meza. Mwaka 1989 ulikuwa wake. Alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 21, kisha akaenda Singapore na kutwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa kwa kumfunga Jon Birch 11–2. Mwaka uliofuata, 1990, akaingia kwenye mchezo wa kulipwa.

Hapo ndipo mabingwa wengi wa ridhaa hupotea. Wengine hawapotei, ila hukwama hatua moja kabla ya kombe. Jimmy White, bingwa wa ridhaa wa 1980, alicheza fainali sita za dunia na kushindwa zote. James Wattana wa Thailand, bingwa wa 1988, hakuwahi kuvuka nusu fainali. Kipaji hawakupungukiwa, White alikuwa akitumbukiza mipira ambayo wenzake hawakuthubutu kuijaribu. Basi Doherty alikuwa na nini?

Jibu linaanzia kwenye mchezo wenyewe. Kwa msomaji aliyezoea meza ya pool, ile ya baa au ya kibandani, snuka ni ya aina yake. Eneo la kuchezea lina urefu wa karibu mita tatu na nusu na upana wa mita moja na robo tatu, na mashimo yake ni membamba. Mipira myekundu ni 15, kila mmoja pointi moja. Ya rangi ni sita, kuanzia wa njano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye pointi 7. Ukitumbukiza mwekundu unaruhusiwa kupiga wa rangi, na huo wa rangi hurudishwa mezani, hata ule unaofuata mwekundu wa mwisho. Baada ya hapo ya rangi hupigwa kwa mpangilio, nayo ina jumla ya pointi 27.

Sasa tufanye hesabu. Mchezaji ametumbukiza myekundu tisa, na kila mmoja ameufuatishia mweusi. Ana pointi 72. Mezani imebaki myekundu sita; pamoja na weusi wake ni 48, ukijumlisha 27 za mwisho unapata 75. Fremu bado haijaisha, mpinzani anaweza kuinyakua yote. Akiongeza mwekundu wa kumi na mweusi wake, ana 80 na mezani zimebaki 67. Hapo imekwisha, labda mpinzani aombe makosa. Kila pointi inayopatikana baada ya hapo inapendeza machoni, lakini haiongezi kitu kwenye ubao wa matokeo. Fremu ya 80 kwa 0 na fremu ya 140 kwa 0 zina thamani moja.

Hendry alikuwa bingwa wa kuimaliza fremu kwa zamu moja. Akipata nafasi anaingia, anafagia, anakaa. Doherty mara nyingi aliimaliza kwa zamu mbili au tatu. Atafunga 40, mara 50, na mpira mweupe ukishasimama pabaya hatalazimisha. Ataacha, na ataacha kwa namna ambayo mwenzake hapati kitu.

Namna hiyo ya kuacha ndiyo kazi yenyewe, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme Doherty yuko mbele kwa 48, yaani myekundu sita na weusi sita. Mezani kuna myekundu tisa, na pointi 99 zinaweza kupatikana. Akijaribu mpira mgumu akakosa, anayefuata anaweza kuimaliza fremu bila kurudi kitini. Kwa hiyo anachagua mwekundu na kuugusa ubavuni kwa wembamba, usisogee sana wala usiwatawanye wenzake. Mpira mweupe unatoka hapo, unagonga ukingo mmoja, pengine miwili, unarudi hadi upande wa pili wa meza, kule kwenye njano, kahawia na kijani, na kusimama umegusana na ukingo. Mpinzani anainuka, anakuta mpira mweupe umebana hivyo kwamba fimbo inagusa sehemu ndogo ya juu tu, na mwekundu wa karibu uko zaidi ya mita mbili mbele. Akiupiga kwa nguvu anakosa na kufungua meza. Akijihami, lazima ajihami vizuri kuliko Doherty. Wachache waliweza.

Kazi hiyo haitaki mkono wa nguvu. Inataka kipimo: mpira ukizidi nusu mita, mpango wote umeharibika. Inataka pia moyo wa kukubali kwamba zamu hii nzuri itaishia kwenye 48 na watu hawatapiga makofi. Mchezaji wa ridhaa huweza kuishi bila somo hili, kwa sababu anaowaachia nafasi nusu hukosa. Wa kulipwa hawakosi.

Doherty alilipa ada ya somo hilo hadharani. Mwaka 1992 alishindwa fainali ya Grand Prix na White kwa fremu moja, 10–9. Mwaka uliofuata akapata taji lake la kwanza kubwa, Welsh Open, kwa kumfunga Alan McManus 9–7. Mwaka 1994 Hendry alimzima 10–5 kwenye fainali ya UK Championship. Miaka minane ilipita kati ya Singapore na Crucible, na sioni hata mmoja uliopotea bure.

Ubingwa wa dunia una mzani wake pia. Ili kushinda 1997 ilibidi upate fremu 10 raundi ya kwanza, 13, kisha 13 tena, 17 kwenye nusu fainali na 18 kwenye fainali. Jumla 71, ndani ya siku 17. Doherty alimpita Mark Davis kwa shida, 10–8. Steve Davis, bingwa wa dunia mara sita, alifungwa 13–3. John Higgins 13–9. Alain Robidoux wa Canada 17–7. Upande wa pili Hendry alimtoa Wattana 17–13, na ushindi huo ukawa wake wa 29 mfululizo pale Crucible. Alikuwa bingwa miaka mitano bila kukatizwa.

Doherty akaongoza fainali 15–7. Hendry akaamka na kuchukua fremu tano mfululizo, 15–12. Ukumbi mzima uliijua hadithi hiyo, kwa maana Hendry alikuwa amewahi kumrudia White alipokuwa nyuma 8–14 na kumfunga 18–14 kwenye fainali ya 1992. Safari hii haikujirudia. Doherty hakubadilisha mchezo wala hakuanza kushindana kwa breki kubwa. Alizichukua fremu tatu zilizobaki, akawa mtu wa kwanza kushika mataji ya dunia ya vijana, ya ridhaa na ya kulipwa.

Ukubwa wa mbinu hiyo ulionekana tena 2003. Kwenye nusu fainali Paul Hunter alikuwa mbele 15–9, Doherty akashinda 17–16. Katika fainali alimfikia Mark Williams hadi 16–16 kabla ya kufungwa 18–16. Kwa mashindano yale alicheza fremu 132. Mwaka 1998 Higgins alikuwa amekwisha kumvua taji kwa 18–12, kwa hiyo la 1997 likabaki la pekee kwake, na hakuna mwingine kutoka Jamhuri ya Ireland aliyelitwaa.