Mbona Dereva Hajuti?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi na neno moja tu: majuto. Hadithi nyingi za vijana wa huku kwetu Tunduma ninazozisoma zinaishia hapo. Binti anatoka Vwawa, anakuja mpakani kutafuta maisha, anakutana na dereva wa lori. Anapata mimba. Lori linavuka Nakonde kuelekea Lusaka au Lubumbashi, halirudi. Aya ya mwisho binti analia: "Najuta! Laiti ningejua!" Kwisha habari. Eti hadithi imekamilika!

Haijakamilika, jamani. Hebu tulitazame neno lenyewe.

Majuto limeundwa kwa njia yetu ya Kibantu: kitenzi juta, ma- mbele, -o nyuma, kama mateso yanavyotokana na tesa. Jirani yake ni toba, neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kurudi. Anayetubu anageuka, anashika njia nyingine. Anayejuta anaweza kukaa palepale. Mtu aliyekamatwa na magendo atakwambia anajuta kupita njia ile. Magendo yenyewe hayajutii hata kidogo. Anachoumia ni hasara. Kwa hiyo mhusika akisema "najuta", bado hajatuambia kitu. Anajuta tendo, au anajuta kukamatwa?

Tunao pia usemi mkali zaidi: kusutwa na nafsi. Kumsuta mtu ni kumwumbua uso kwa uso kwa ubaya alioutenda. Sasa fikiria shitaka hilo linatoka ndani yako mwenyewe, utakimbilia wapi? Waingereza nao neno lao la jambo hili wamelitoa katika Kilatini, na asili yake ni kung'ata tena. Unaona? Majuto ya kweli yana meno.

Halafu ipo methali tunayoipenda mno: majuto ni mjukuu, huja kinyume. Tunaitumia kumfunga mtu mdomo, yaani umechelewa, shauri yako. Lakini mjukuu haanguki kutoka mbinguni. Ana mzazi, ana babu na bibi. Katika hadithi zetu mjukuu anabebwa na binti peke yake, ukoo wote umefichwa. Mbona dereva hajuti? Mbona hajuti mwenye gesti aliyepokea pesa akageuza uso, wala baba aliyemfukuza mwanawe nyumbani?

Euphrase Kezilahabi aliliona hili katika Rosa Mistika, mwaka 1971. Rosa anaharibikiwa hadi anajiua, lakini msomaji hafungi kitabu akimlaumu Rosa tu. Ukali na ulevi wa baba yake, Zakaria, umo ndani ya kifo kile. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, nadhani kwa sababu kiliwagusa wakubwa na si mabinti peke yao.

Tena majuto hayahitaji kutajwa. Katika Macbeth ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, mke wa Macbeth anatembea usingizini akisugua mikono kuondoa damu ambayo haipo. Hasemi "najuta". Mikono inamsuta.

Mtaniambia mkasa wa binti ni wa kweli, upo kila siku hapa mpakani. Sikatai. Lakini tukimwachia yeye peke yake neno hili, tunakuwa tumeungana na mtaa kumnyooshea kidole, kisha tunajiita wasanii. Hiyo noma, washikaji.

Basi mwandishi mwenzangu, ukifika aya ya mwisho na kalamu inataka kuandika "laiti ningejua", izuie kidogo. Mwache binti apumzike. Vuka Nakonde, panda kwenye lile lori, ukae karibu na dereva usiku mmoja, uone kama analala.