Tela Linapoanza Kuyumba: Kosa Huanzia Kwenye Upakiaji

Kuna onyesho dogo ambalo limezunguka sana kwenye video za udereva. Kigari cha mfano kinafungiwa tela, kisha vyote viwili vinawekwa juu ya mkanda wa mashine ya kukimbilia mazoezi. Vyuma vya uzito vikiwa mbele ya ekseli ya tela, anayeonyesha analisukuma kwa kidole. Linapepesuka mara moja na kutulia. Vyuma vilevile vikihamishiwa nyuma ya ekseli, kidole kilekile kinaleta balaa. Tela linapiga kushoto, kulia, kushoto, kila mpigo ukizidi uliotangulia, mpaka kigari kinageuzwa na kutupwa nje ya mkanda. Kasi haikubadilishwa. Uzito haukuongezwa hata gramu moja.

Madereva walionusurika na ajali ya namna hii aghalabu hulaumu upepo, basi lililowapita au mteremko. Kweli, vitu hivyo ndivyo vilivyolitikisa tela. Basi refu linapopita hulisukuma tela pembeni kwa hewa ya mbele yake, kisha hulivuta kwa upande wake likimaliza kupita. Lakini tela lililopakiwa vizuri hupata msukosuko uleule, likayumba mara moja au mbili, likarudi kwenye mstari. Swali la mchunguzi, basi, si nani alilisukuma. Ni kwa nini halikutulia.

Jibu liko kwenye mahali tela linaposhikwa. Tela la ekseli moja, kama nyumba za magurudumu zinazovutwa likizo huko Ulaya na Marekani, au tela la kubebea boti, limefungwa kwenye kifundo kimoja cha chuma kilicho nyuma kabisa ya gari, hatua nzima au zaidi kutoka ekseli ya nyuma. Tela likipiga kushoto, linaukokota mkia wa gari kushoto, na pua ya gari inaelekea kulia. Dereva anashtuka, anarudisha usukani, na mara nyingi anachelewa kidogo, kwa hiyo anausukuma mpigo unaofuata kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake hasa.

Kwa mwendo mdogo, matairi huupoza kila mpigo. Kasi ikipanda, nguvu hiyo ya kupoza hupungua. Kila gari na tela lake vina kasi fulani ambapo mpigo haufi wala haukui. Ukiivuka, tela huanza kuchota nguvu kutoka kwenye mwendo wenyewe wa gari na kuigeuza kuwa myumbo. Kwa mzigo uliopangwa vyema, kasi hiyo iko juu sana ya mwendo unaoruhusiwa na sheria. Kwa mzigo uliopangwa vibaya, inaweza kushuka mpaka ndani ya mwendo wa kawaida wa safari, na dereva hana dalili yoyote ya kumwonya mpaka siku upepo unapogonga ubavu.

Nini hasa huishusha? Mwaka 2009 Jos Darling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha matokeo ya kazi iliyolishughulikia swali hilo kwa vitendo. Walitumia tela la majaribio ambalo mgawanyo wa uzito na nafasi ya ekseli viliweza kubadilishwa, wakaliendesha nyuma ya gari na kupima jinsi mipigo inavyokufa. Mambo matatu yalijitokeza kuwa na nguvu kuliko mengine: uzito unaokalia kifundo, nafasi ya ekseli, na umbali ambao mzigo umetawanyika kutoka katikati ya tela. La ekseli huamuliwa kiwandani. Mawili yaliyobaki yako mikononi mwa mwenye tela.

La kwanza linapimika nyumbani kwa mizani ya bafuni. Tela huwekwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa kwa vigingi, likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri. Kipande cha mbao kinakatwa kwa urefu utakaoiacha pua ya tela kwenye kimo chake cha safarini, kinasimamishwa juu ya mizani, kisha pua inateremshwa taratibu juu yake. Namba inayosomeka ndiyo uzito wa pua, yaani ule unaokalia kifundo. Waingereza hushauri asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa tela. Wamarekani, wenye matela mazito na magari makubwa, hutaka 10 hadi 15. Kwa tela la kilo 1,200, kiwango cha Uingereza ni kilo 60 hadi 84. Mpaka wa juu nao upo: gari lenyewe na kifundo chake vina kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, na kukivuka huyanyanyua magurudumu ya mbele na kuulegeza usukani.

Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo kosa la pili hujificha. Mizani haioni kila kitu. Mtu anaweza kuweka jenereta kwenye ncha ya nyuma ya tela, akaona pua imekuwa nyepesi, akaongeza masanduku ya vifaa kwenye ncha ya mbele mpaka namba ikae sawa. Mizani inaridhika. Tela lenyewe limekuwa la hatari, kwa sababu uzito uliokaa kwenye ncha mbili ukishaanza kuzunguka ni mgumu mno kusimamishwa.

Ugumu huo hukua kwa mraba wa umbali. Chukua mzigo wa kilo 50 uliowekwa mita 2 nyuma ya ekseli: 50 mara 2 mara 2 ni 200. Usogeze mpaka nusu mita mbele ya ekseli: 50 mara 0.5 mara 0.5 ni 12.5. Ugumu ulioletwa na mzigo ule umepungua mara 16, na hakuna kilichoachwa nyumbani. Uzito wa pua nao umepanda. Kama kutoka kifundo hadi ekseli ni mita 4, mzigo ule ulikuwa ukiondoa kilo 25 kwenye pua, na sasa unaongeza kilo 6 na ushei. Kanuni za barabara za Uingereza zinaagiza jambo hilohilo: vizito vikae zaidi juu ya ekseli, na pua ibaki na uzito wa kukandamiza. Rafu ya nyuma yenye baiskeli nne, pambo la kawaida la nyumba za magurudumu, inavunja maagizo yote mawili kwa mpigo mmoja.

Matairi hayasemwi vya kutosha. Tairi za nyuma za gari ndizo zinazopambana na kifundo, na zikiwa na upepo pungufu hujikunja pembeni kabla ya kushika lami. Kibandiko cha mlangoni huonyesha kipimo cha gari lenye mzigo, ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko cha siku za kawaida. Kwenye tela, fundi akague bolti zilizolegea, beringi zenye mchezo na gurudumu lililopinda mstari.

Myumbo ukishaanza, cha kufanya ni kidogo na kinaenda kinyume na silika. Mguu utolewe kwenye mafuta, usukani ushikwe ukiwa umenyooka bila kuifukuza mipigo, mwendo ushuke wenyewe. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu huliacha tela likiusukuma mkia uliokwisha kupinda. Ushauri wa zamani wa kuongeza mafuta ili tela linyooke ni wa kuogopwa, maana hata likinyooka kwa sekunde chache, kasi sasa iko juu zaidi ya ile iliyoleta myumbo. Marekani, ambako matela mengi yana breki za umeme, dereva huvuta kwa mkono breki za tela peke yake, na tela linajinyoosha nyuma ya gari. Breki za matela mengi ya Ulaya hufanya kazi kwa msukumo wa tela dhidi ya gari, kwa hiyo nafasi hiyo haipo.

Vifaa vya kusaidia ni vingi. Vipo vibano vya msuguano vinavyokikaza kifundo, na mifumo ya kielektroniki inayoonja myumbo na kufunga breki kabla dereva hajajua. Cha kuvutia zaidi kihandisi ni kile cha Mmarekani Jim Hensley: mikono ya chuma inayokutana kwa pembe, ikilifanya tela lijigeuze kana kwamba limeshikwa karibu na ekseli ya nyuma ya gari. Wazo hilo linaonekana kila siku kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Semi-trela hukalia sahani iliyo juu ya ekseli za kichwa cha lori, kwa hiyo haina mkono mrefu wa kuuzungusha mkia wake. Lori linalovuta tela kamili kwa mkono wa chuma halina bahati hiyo: lina maungio mawili, na dereva akihama njia ghafla, mkia wa nyuma hupiga kwa nguvu kuliko kichwa.

Hakuna kifaa kati ya hivi kinachohamisha mzigo. Mfumo wa kielektroniki ukishaingilia kati, dereva anapaswa kusimama mahali salama na kufungua milango ya tela, kwa sababu mzigo huenda umehama au haukuwa sawa tangu nyumbani.

Na mzigo hubadilika safarini. Tangi la maji la lita 80 lililo mita 1.5 mbele ya ekseli, kwenye tela la kilo 1,200 lenye mita 4 zilezile kutoka kifundo hadi ekseli, likijaa huchangia kilo 30 kwenye pua. Tuseme familia imeondoka nalo likiwa na uzito wa pua wa kilo 75, ndani ya kiwango. Wiki imekwisha, maji yamekwisha, tela lina kilo 1,120 na pua imebaki na kilo 45, yaani asilimia 4. Mizani ya bafuni na kile kipande cha mbao vinatakiwa visafiri pamoja nao.