Silabi ya Pili Kutoka Mwisho

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Nyimbo walikuja nazo kutoka kwao. Maneno yakatafsiriwa, tuni zikabaki vilevile, na taabu ikaanzia hapo.

Tuni nyingi za Kijerumani humaliza mstari kwa kishindo. Chukua wimbo wa Luther wa ngome: mstari wa kwanza una silabi nane, na ya nane ndiyo inayokanyagwa. Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ya mwisho ikajishukia taratibu. Kibandike juu ya tuni ile uone: Mungu anageuka “Munguu”, Bwana anageuka “Bwanaa”. Kanisani tumezoea. Ukizungumza hivyo pale Mailimoja, Kibaha, abiria wote watakugeukia.

Ndiyo maana namvulia kofia mtunzi anayethubutu kuandika wimbo wa sauti moja na kinanda. Kwaya ya sauti nne huficha mengi: besi ikishavuma, nani atajua kuwa neno limevunjika? Mwimbaji wa peke yake hana pa kujificha. Mpe fundi neno “Mwokozi”. Ataitanguliza “mwo” kabla ya pigo, “ko” ataikalisha juu ya pigo na kuivuta, “zi” ataidondosha kwenye nota fupi ya chini, huku mkono wa kushoto wa mpiga kinanda umetulia palepale. Bibi aliyekaa benchi la mwisho analipata neno zima.

Ufundi huu huonekana mapema katika maisha ya mtunzi. Mtunzi Alban Berg, akiwa mwanafunzi wa mtunzi Schoenberg huko Vienna, alitunga nyimbo nyingi za namna hii. Saba kati yake, za miaka ya 1905 hadi 1908, kila moja kwa shairi la mshairi wake, alizipitia upya akazitoa mwaka 1928, wakati opera yake ya Wozzeck imeshampa jina. Hakuzionea haya.

Kwetu, Padri Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Watunzi vijana wa Kibaha wana njia iliyokwisha kufyekwa. Kinachowaponza ni vinanda vya umeme: kitufe kimoja tu, biti inaanza, na maneno yanabaki kuikimbiza. Zimeni biti. Chukueni ubeti mmoja wa Shaaban Robert wenye mizani nane kwa nane, muusome kwa sauti mpaka mwendo wake uwakae mdomoni, ndipo muwashe kinanda.