Sifa za Mtengeneza Jibini, na Utani wa Majirani Wawili

Baina ya Dover na Calais pana mlango wa bahari ambao, pale palipo pembamba kabisa, upana wake ni kilomita zipatazo 33. Na Waingereza na Wafaransa, waliopigana kwa karne nyingi juu ya mataji, makoloni na biashara, hawakuacha hata katika siku za suluhu kugombania jambo lililo jepesi zaidi na lenye kudumu zaidi, nalo ni chakula. Mwaka 1747 Bibi Hannah Glasse alitoa jijini London kitabu chake cha mapishi, akawakemea humo matajiri wa Kiingereza waliowaajiri wapishi wa Kifaransa, na akasimulia habari za mpishi aliyeteketeza ratili sita za siagi kwa kukaanga mayai kumi na mawili. Mwaka uliofuata William Hogarth alichora lango la Calais, na katikati ya picha akatia pande kubwa la nyama ya ng'ombe ya Kiingereza, huku askari wa Kifaransa waliokonda wakiikodolea macho. Wafaransa nao hawakunyamaza: hata leo humtania Mwingereza kwa jina la nyama yake ya kuoka, na Mwingereza humjibu kwa jina la chura. Ni utani wa majirani, wala hauna sumu.

Mimi, katika yote wanayogombania, nakusudia kusifu kazi moja tu, kazi ya mtengeneza jibini. Habari za mvinyo nawaachia wenyewe, wajuao kwa nini Mwingereza huisindikiza jibini yake ya Stilton kwa mvinyo mtamu wa Ureno, na Mfaransa ile yake ya Roquefort kwa ule wa Sauternes. Hata mezani hawapatani. Mfaransa hula jibini kwa mkate kabla ya vyakula vitamu, ilhali Mwingereza, kwa desturi yake ya kale, huileta mwisho kabisa, pamoja na biskuti kavu zisizo na sukari. Na kila mmoja humwona mwenziwe amekosa adabu ya chakula. Katika hili nampa haki Mfaransa bila kusita, kwa kuwa ulimi uliokwisha kuzama katika sukari hauwezi tena kuipambanua chumvi na ule ukali mwembamba ambao fundi ameungoja kwa miezi.

Lakini tuitazame kwanza Cheddar, jibini ya Somerset huko Uingereza, kwa kuwa wengi huidhania kuwa kitu chepesi. Maziwa hupashwa moto katika birika kubwa, yakatiwa chachu, kisha kigandishi kitokacho tumboni mwa ndama. Yakisha kushikamana hukatwakatwa hata yawe chembe, na hupashwa moto tena polepole, yakikorogwa, mpaka maji yake yajitenge. Jibini nyingi zikifika hapo huingizwa katika kalibu. Fundi wa Somerset ndipo kwanza anapoanza. Huyaacha maji yachuruzike, hukikata kile kilichosalia vipande vinene, huvipanga kimoja juu ya kingine, huvigeuza, huvipanga tena, na kwa kila mgeuzo uzito wa vile vya juu hukamua maji ya vile vya chini, na uchachu huzidi kupanda. Vipimo vya uchachu vipo, naye huvitumia, lakini haviamini peke yake: huchukua kipande akakichana kwa vidole, na kikichanika nyuzinyuzi mfano wa kidari cha kuku kilichopikwa, hujua kwamba wakati umewadia. Ndipo hukisaga, hutia chumvi, hukishindilia kwa mtambo, hukivisha kitambaa kilichopakwa mafuta, na kukiweka ghalani mwaka mzima au zaidi, akikigeuza na kukitazama. Katika karne ya kumi na tisa mkulima mmoja wa Somerset, Joseph Harding, aliziweka kazi hizi katika utaratibu wa usafi na vipimo, na hakuyafanya maarifa yake kuwa siri, bali aliwafundisha wenziwe na hata wageni. Kwa fundi hiyo ni sifa kubwa kupita utajiri.

Na lau Mwingereza ataka kujigamba kwamba Cheddar ni yake kabisa kabisa, na akumbuke kuwa hesabu za hazina za mwaka 1170 zaonyesha ununuzi wa ratili 10,240 za jibini hiyo kwa ajili ya Mfalme Henry wa Pili, naye alizaliwa Le Mans, akamwoa Eleanor wa Aquitaine, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha ng'ambo ile ya pili ya mlango wa bahari, upande wa Wafaransa.

Ajabu zaidi ni habari ya jibini zenye kuvu ya buluu, maana hapo ndipo mataifa haya mawili yanapojidai kutofautiana kuliko popote, na hapo ndipo yalipo ndugu. Roquefort hufanywa kwa maziwa mabichi ya kondoo wa Lacaune, na huivishwa ndani ya mapango ya mlima Combalou, ambamo nyufa za mwamba huvuta hewa ya baridi na unyevu mwaka wote. Kuvu yake, kwa desturi, ilioteshwa katika mikate mikubwa iliyoachwa mapangoni hata ikaenea kote, kisha ikasagwa kuwa unga. Stilton ni ya maziwa ya ng'ombe, na kwa sheria hufanywa katika wilaya tatu tu, Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire, hata kijiji chenyewe cha Stilton, kilichoipa jina, hakina ruhusa ya kuifanya. Basi kuvu ya hii na kuvu ya ile ni ya jinsi moja, Penicillium roqueforti. Na huku kama kule fundi huidunga jibini kwa sindano ndefu, ili hewa ipenye na kuvu ipate kupumua na kutambaa. Stilton kabla ya hapo husuguliwa ganda lake kwa kisu hata vitundu vyote vizibike, kusudi hewa isiingie mapema. Kusubiri huku ndiko ufundi: kuzuia kwanza, na kufungulia kwa saa yake.

Kisha huja siku ya kukagua. Mkaguzi hutwaa chuma kirefu chenye mfereji, hukizamisha jibinini, hukizungusha na kukitoa kikiwa kimebeba kijiti cha jibini. Hukinusa, humega kidogo akaonja, na kilichobaki hukirudisha tundu lile lile na kupaka juu kwa kidole, jibini ikafunga kinywa chake kana kwamba haikuguswa.

Kwa kuilinda kazi hii, Mfaransa amemtangulia mwenziwe, na haifai kuficha. Mfalme Charles wa Sita aliwapa watu wa Roquefort haki ya pekee ya kuiivisha jibini yao tangu mwaka 1411, na mwaka 1925 sheria ikalihifadhi jina hilo. Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliyaelekeza maziwa kwenye jibini ngumu ya mgao, na mgao wenyewe haukwisha hadi 1954. Hata mashamba mengi yaliyokuwa na jibini zao wenyewe yakawa yamekwisha kuzisahau. Aliyesimama kuzitetea zile zilizosalia alikuwa mwenye duka wa kijiji cha Streatley, Patrick Rance, aliyetoa mwaka 1982 kitabu kikubwa cha jibini za Uingereza. Na mtu huyo huyo, Mwingereza wa damu, mwaka 1989 alitoa kingine, kikubwa vile vile, cha jibini za Ufaransa.

Nami nikitakiwa hukumu, naipa Roquefort heshima ya kwanza kwa ukali na utulivu wake pamoja, na Cheddar ya shambani naipa nafasi ya chakula cha kila siku, kwa kuwa haichoshi. Msomaji, ukijaliwa kuzipata, usizile zikiwa na baridi: zitoe saa moja kabla, anza na Cheddar, fuatisha Stilton, na Roquefort iwe ya mwisho, kwa maana baada yake hutaonja nyingine.